Emil Vondra, dereva anayebeba viti vitupu hadi Oregon

Saa kumi na moja alfajiri, kwenye kituo cha mafuta nje ya Rawlins, Wyoming, Emil Vondra anapanda ngazi za basi lake, anasimama katikati ya viti, ananyoosha kidole na kuanza kuhesabu vichwa. Anakwenda mpaka mlango wa choo cha nyuma, anarudi taratibu, anakaa kwenye usukani.

"Mmoja," anasema. "Na huyo mmoja ni wewe, mwandishi, wala tiketi huna."

Kanuni za chuo kilichomwajiri zinamtaka dereva ahesabu abiria kila anapoondoka mahali. Hakuna aliyefikiria kuandika afanye nini kama abiria hawapo. Kwa hiyo Emil anahesabu viti hamsini na vinne vitupu, anawasha injini, na tunaingia barabarani upepo ukitusukuma ubavuni.

Basi hili ni la timu ya wasichana ya mpira wa wavu ya Chuo Kikuu cha Cutler, Nebraska, wanaojulikana kama Mbweha. Linakwenda Oregon, safari ya siku tatu. Wasichana wenyewe hawamo. Wako Cutler, bado wamelala, na kesho watapanda ndege ya kukodi.

Emil atawapokea uwanja wa ndege, awapeleke hotelini, mwendo wa dakika kumi na nane. Atawapeleka kwenye mechi na kuwarudisha uwanja wa ndege. Kisha atageuza basi na kurudi Nebraska na viti vyake.

"Niliwauliza mara tatu kama nimeelewa vizuri," anasema. "Wakaniambia ndiyo, mzee, umeelewa vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa."

Emil ana umri wa miaka sitini na miwili. Amezaliwa shambani, maili chache kutoka Cutler, katika familia ya Wacheki ambao bado wanabishana kwa Kicheki wakicheza karata. Aliendesha lori la nafaka, kisha lori la maziwa, kisha miaka ishirini na sita iliyopita akaajiriwa na chuo kubeba timu. Wachezaji humwita Babu Emil, hata wale waliokuwa wakimwita hivyo akiwa bado na nywele nyeusi.

Analipwa dola ishirini na saba kwa saa. Mwaka jana alipata dola elfu arobaini na sita. Mwaka huu, kwa sababu ya safari hizi ndefu na saa za ziada, atapita elfu sitini, ikiwa atafika mwisho wa mwaka akiwa bado kazini. Hilo la mwisho ndilo linalomnyima usingizi, na tutalifikia.

"Sijawahi kulipwa vizuri hivi maishani," anasema, "na sijawahi kubeba hewa."

Sisi tunaoishi Cutler tumeisimulia habari hii mezani kwetu mpaka imetuchosha, na bado hakuna anayeielewa. Kwa miaka zaidi ya tisini timu zetu zilicheza katika Ligi ya Nyanda, vyuo vinane vya huku kwenye mahindi na ngano. Chuo cha mbali kabisa kilikuwa mwendo wa saa sita kwa basi. Mtu angeweza kukamua ng'ombe asubuhi, akamwona binti yake akicheza jioni, na akalala kitandani kwake.

Mwaka jana, wakubwa wa chuo wakatangaza kwamba tunahamia Ligi ya Pwani Mbili. Nebraska haina pwani hata moja. Pwani tuliyonayo, kwa maneno ya Emil, ni ukingo wa bwawa la samaki la binamu yake, na hilo nalo kiangazi hukauka.

Kujitoa kwenye ligi ya zamani kuliigharimu Cutler faini ya dola milioni nane. Ligi mpya ina mkataba mnono wa televisheni na kila chuo kinapata dola milioni kumi na mbili kwa mwaka, ila wageni kama sisi tutapewa sehemu ndogo tu kwa miaka minne ya kwanza. Wakati huohuo gharama za usafiri zimepanda kutoka milioni moja hadi zaidi ya nne, maana timu ya gofu sasa inakwenda New Jersey.

Mkewe Emil, Rozella, alikuwa keshia wa duka la ushirika wa wakulima kwa nusu ya maisha yake. Nilipomtembelea jikoni kwake alikuwa akikanda unga wa kolachi, vile vikate vya duara vyenye shimo la jamu katikati.

"Nimezipiga hizo hesabu mara mbili," alisema. "Wamelipa wahame. Wamelipa wahamie. Sasa wanalipa nauli ya kwenda kwa majirani wapya. Emil, nikamwambia, hawa wamehama nyumba kwa sababu nyumba mpya ina televisheni kubwa."

"Na televisheni yenyewe wameambiwa wasiishike mpaka mwaka wa tano," Emil akadakia.

"Kula, mwandishi. Umekonda."

Naibu mkurugenzi wa michezo wa chuo, Prescott Lunde, ni mtu mpole anayevaa tai yenye picha ya mbweha. Alinipokea vizuri ofisini. Alisema kuhama ni uwekezaji wa muda mrefu na kwamba jina la Cutler sasa linasikika mahali ambapo halikuwahi kusikika.

Nilimuuliza kuhusu basi tupu. Akafafanua kwamba muuza matrekta mmoja wa mjini alilipia rangi mpya ya basi na jina lake likaandikwa ubavuni. Mkataba wake unasema basi lazima lionekane kwenye televisheni wachezaji wakishuka, kila mechi ya ugenini. Bila hivyo anadai fedha zake.

"Kwa hiyo mnatumia elfu sita kwa safari ili msirudishe fedha za rangi?" nikauliza.

"Ukilitazama hivyo, linachanganya," alikubali.

Nilimuuliza nilitazame vipi. Alifikiri kidogo, akaniahidi kunipigia simu.

Sasa tufike kwenye kosa, kwa sababu bila kosa hili Emil asingekuwa na hofu yoyote.

Njia inayotoka Cutler inafika kwenye njia panda yenye ghala kubwa la nafaka. Kulia unakwenda Omaha, kwenye uwanja wa ndege. Kushoto unakwenda Fenwick. Chuo cha Fenwick ndicho adui yetu wa damu tangu enzi za bibi zetu, na kwa miaka ishirini na sita, katikati ya Septemba, Emil alipakia wasichana wa wavu baada ya chakula cha mchana na kukata kushoto.

Mwaka huu, katikati ya Septemba, baada ya chakula cha mchana, aliwapakia wasichana kumi na saba kuwapeleka Omaha kupanda ndege ya kwenda Maryland. Akakata kushoto.

"Sikufikiri," anasema. "Hilo ndilo jibu langu, na ndilo nililoliambia jopo lililonichunguza. Mkono ulikwenda wenyewe."

Wala hakuna aliyeshtuka. Kocha Britt Lindgren, ambaye mwenyewe aliichezea Cutler zamani, alikuwa mbele akitazama video za wapinzani. Wasichana walikuwa wakiimba. Nusu saa ikapita, mandhari ya mahindi kulia na kushoto ikawa ileile ya siku zote.

Kuna desturi yetu moja hapa. Basi la Cutler likivuka mpaka wa wilaya ya Fenwick, kila aliyemo anainua miguu juu, asikanyage ardhi ya adui. Anayekanyaga ndiye atakayesababisha tushindwe. Wazazi hufanya hivyo kwenye magari yao, na mwandishi huyu anafanya pia, isipokuwa ule mguu wa kuendeshea.

Kibao cha mpaka kikatokea. Miguu yote ikapanda juu. Kocha Lindgren naye akainua yake bila kuondoa macho kwenye video.

Mtu mmoja tu alibaki na miguu sakafuni, msaidizi mpya wa kocha, kijana aliyekuja kutoka Florida wiki chache kabla. Alitazama huku na huku.

"Jamani, mnafanya nini?" akauliza.

"Inua miguu wewe!" nahodha, Tegan Wurtz, akamkemea. "Tunaingia Fenwick! Utatuletea mkosi!"

"Fenwick? Si tunakwenda kupanda ndege?"

"Basi zima likanyamaza," Tegan ananisimulia, akicheka huku ameziba uso. "Na miguu bado iko juu. Hakuna aliyethubutu kuishusha. Halafu nikasikia sauti ya Babu Emil kule mbele, polepole, anasema kwa Kicheki neno ambalo sitalirudia."

Ndege ya kukodi ilikuwa na saa yake ya kuondoka na iliondoka, au tuseme nafasi yake ilipita na haikupata nyingine. Dola elfu thelathini na nane zikapotea. Mechi ya Maryland ikahesabiwa kuwa Cutler wameshindwa bila kufika uwanjani, na ligi mpya ikatoza faini.

Chuo kikaunda jopo la watu watano kumchunguza Emil. Aliitwa akavaa suti yake ya kanisani. Akaulizwa kama anatumia dawa, kama analala vizuri, kama ana ugomvi na ligi mpya.

"Niliwaambia sina ugomvi nayo, ila siijui iliko," anasema.

Wakati jopo likitafakari, akazuiwa kubeba wachezaji kwenda Omaha. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya kukodi. Lakini basi la televisheni lilihitaji dereva wa kuvuka milima, na mwenye leseni na moyo wa kazi hiyo ni yeye tu. Kwa hiyo haaminiki kuwapeleka wasichana mwendo wa saa moja na nusu kwenye barabara aliyoizoea, ila anaaminika kuwabeba kwenye mji asioujua, mwisho mwingine wa nchi. Nilimuuliza Lunde kuhusu hili pia. Aliahidi kunipigia.

Emil aliambiwa uamuzi utatoka Oktoba, kwa simu. Ndiyo maana njia nzima ya Wyoming na Idaho simu yake imelala juu ya dashibodi, na kila ikitetemeka anaitazama kabla ya kutazama barabara.

"Wakiniondoa nitafanya nini?" ananiuliza. "Niambie wewe uliyesoma. Si fedha. Mpwa wa Rozella ana lori la maziwa, atanipa. Ila maziwa hayaimbi."

Kisha anaitazama simu tena.

Rozella, kwa mazoea, ameoka sinia zima la kolachi kwa ajili ya wachezaji ambao hawamo. Emil hataki kurudi nazo akamvunja moyo. Amekula za plamu tangu Nebraska, na kila tukisimama anaweka mkono tumboni na kulaumu wakubwa wa chuo.

Tunafika Oregon Alhamisi mchana. Mvua ni ya manyunyu, na miti ni mirefu mno kwa mtu wa Nebraska. Emil anasema inamziba asione hali ya hewa inakotokea. Anaegesha karibu na uwanja wa ndege na kuanza kufuta vioo. Mwandishi anakwenda kutafuta kahawa.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya basi, simu mapajani, kitambaa kimeanguka kwenye dimbwi.

"Lunde amepiga," alisema.

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Wamenisamehe. Kabisa. Na wameniongezea dola mbili kwa saa."

Nikampa mkono. Hakuupokea.

"Wameniongezea kwa sababu kuanzia mwakani basi litakuwa la timu ya futiboli peke yake," akasema. "Timu ya wavu inafutwa. Bodi inapiga kura Jumatatu saa kumi jioni, lakini anasema kura ni utaratibu tu. Nauli zao zimekuwa kubwa. Nauli zao! Sasa walizitaka wao hizo ndege?"

Kama alivyoelezwa, usafiri wa timu ya wavu ulikuwa dola elfu tisini kwa mwaka katika ligi ya zamani. Katika ligi mpya umefika nusu milioni. Shimo lililochimbwa na kuhama lazima lifukiwe na kitu.

"Na akaniambia nisiwaambie," Emil akaendelea. "Wataambiwa Jumatatu usiku, kwa utaratibu, na mtaalamu wa ushauri akiwepo. Anasema ananiamini. Mimi nina mabinti kumi na saba wanashuka kwenye ndege sasa hivi, wanakuja kuniuliza Babu kuna kolachi? Nitawajibu nini?"

Nilimuuliza kama nami natakiwa kukaa kimya. Aliniomba nisubiri mpaka yeye aseme, na nilisubiri, ingawa mhariri wangu atajua hilo leo kwa kusoma hapa.

Wasichana walitoka wakikimbilia mvua kama waliofunguliwa darasani. Wakamkumbatia mmoja mmoja. Marisela Ibarra, mpigaji wa kushoto, alinusa mlangoni.

"Babu! Zimebaki za aprikoti au umezila njiani?"

"Za plamu nimemaliza. Hizo nyingine ni zenu."

"Mlafi wewe! Nitamwambia Bibi Rozella."

"Mwambie. Atanisifu."

Dakika kumi na nane hadi hotelini. Kamera ya ligi iliwapiga picha wakishuka, na jina la muuza matrekta likaonekana vizuri. Emil alitabasamu alipotakiwa kutabasamu.

Usiku huo nilimpigia baba yake Marisela, Eusebio Ibarra, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kule Nebraska. Sikumwambia kitu. Nilimuuliza tu kama anaiona timu msimu huu. Zamani, alisema, hakukosa mechi hata moja. Alibadilishana zamu na wenzake na kuendesha.

"Sasa namwangalia kwenye simu," alisema. "Na simu yangu inaganda. Binti anaruka kupiga mpira, simu inaganda, anabaki huko juu. Akishuka, mechi imeisha. Hivi kweli wanasema tumepanda daraja?"

Mechi ilichezwa Ijumaa saa tisa alasiri, kwa sababu televisheni ilikuwa na nafasi saa hiyo na si nyingine. Ukumbi wa kukaa watu elfu sita ulikuwa na watu wasiofika mia tatu. Emil alikaa safu ya tatu na kofia mapajani. Alikuwa ameamua kwamba hatasema chochote kabla ya mchezo, maana mtu haambiwi msiba akiwa anafunga kamba za viatu.

Cutler walishinda seti tatu kwa moja. Marisela alipiga mpira wa mwisho, nao haukuganda hewani hata kidogo.

Ndani ya basi ilikuwa shangwe tupu. Walipiga dari kwa viganja, wakamlazimisha yule msaidizi wa Florida kucheza ngoma ya Kicheki asiyoijua. Emil hakuwasha injini. Alichukua kipaza sauti ambacho kwa kawaida hukitumia kutangaza hali ya hewa na utani wake mbovu.

"Wanangu, kaeni," alisema.

"Babu anataka kutuambia mvua inanyesha!" mmoja akapiga kelele, wakacheka.

"Kaeni, tafadhali. Nimeambiwa nisiwaambie hili mpaka Jumatatu. Nimejaribu tangu jana. Siwezi kuwaendesha nikiwa nalijua na ninyi hamlijui."

Akawaambia. Aliyasema yote kwa sentensi chache, kuhusu kura, nauli, mwakani, na basi la futiboli. Aliwaambia hata ile nyongeza yake ya dola mbili.

Mvua ilisikika juu ya bati. Kisha kila mtu akawa anauliza mara moja.

"Lakini tumeshinda," msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alisema. "Tumeshinda sasa hivi. Hawajaona?"

"Ufadhili wangu wa masomo je?" Marisela aliuliza. "Babu, na huo wanaufuta?"

"Sijui, mwanangu. Hawakuniambia."

Kocha Lindgren alikuwa amesimama. Alisema alisaini mkataba wa miaka mitatu mwezi Juni na mtu aliyempa kalamu ni Lunde. Akapiga simu. Haikupokewa. Akapiga tena, akaketi kando ya mifuko ya mipira.

Tegan Wurtz ni mtoto wa wafugaji, na si mtu wa maneno mengi. Yuko mwaka wa nne. Kufutwa kwa timu hakumgusi yeye binafsi. Alikuja mbele akasimama kando ya usukani.

"Hiyo kura ni Jumatatu saa kumi jioni?"

"Saa kumi, jengo la utawala."

"Ni kikao cha wazi?"

Emil alinigeukia. Nikasema ndiyo, vikao vya bodi ni vya wazi kwa sheria, ila hakuna anayehudhuria.

"Wewe unarudi lini, Babu?"

"Kesho asubuhi. Nalala njiani mara mbili. Jumatatu mchana niko Cutler."

"Ukiwa na viti vitupu."

"Ndivyo wanavyotaka."

Tegan aliwageukia wenzake. "Ndege ya kesho inatushusha Omaha, tunatawanyika, kila mtu anakwenda kulia chumbani kwake. Jumatatu usiku wanatuita mmoja mmoja na mtaalamu wao wa ushauri. Mimi narudi na Babu. Tufike pamoja, tushuke pamoja mbele ya hilo jengo. Nani mwingine?"

Emil alikuwa wa kwanza kukataa. Ni siku tatu, alisema. Mtaumwa migongo. Hoteli nani atalipa? Mimi nilizuiwa kuwabeba Nebraska, nimesamehewa jana tu. Mtanitia matatani, na mimi nimeshatiwa vya kutosha.

"Babu," Marisela akamkatiza, "si ulishavunja amri dakika kumi zilizopita?"

"Hiyo moja ilikuwa inanitosha."

"Umeogopa?"

"Nimeogopa ndiyo! Mimi ni mzee, naruhusiwa."

Kocha Lindgren akainuka. Alifuta macho kwa mkono wa koti. Alisema usafiri wa timu hii, kwa mujibu wa mkataba wake, anaamua kocha, na yeye ni kocha mpaka Jumatatu saa kumi. Anayetaka ndege aende na ndege. Anayetaka basi apande basi.

Wazazi walipigiwa simu palepale. Kabla hatujafika hotelini, fedha za malazi ya njiani zilikuwa zimeshachangwa, na Eusebio Ibarra alikuwa ameshabadilishana zamu ya Jumatatu.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndege iliyokodiwa kwa maelfu ya dola iliondoka Oregon ikiwa na msaidizi mmoja kutoka Florida, ambaye huumwa akipanda milima kwa gari, na mifuko miwili ya mipira. Nimejaribu kuhesabu hasara hiyo nikashindwa kuamua niiandike upande wa nani.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza Emil anatarajia nini. Alikuwa akipanga mabegi chini ya basi, akigombana na kila mtu kuhusu uzito. Alisema hana uhakika kama bodi itabadili mawazo. Hana uhakika kama wanaopiga kura wanajua mpira wa wavu unachezwa na watu wangapi. Ila angependa, kabla hawajanyoosha mikono, wawatazame wasichana hawa usoni, wote, kwa wakati mmoja. Baada ya hapo wafanye watakalo.

"Na ukiombwa uongee?"

"Sijui kuongea. Mimi nitafungua mlango tu, washuke."

Alipopanda kwenye usukani, simu ililia juu ya dashibodi. Alikuwa Lunde tena, na safari hii Emil aliiweka kwenye spika, huenda kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope, huenda kwa sababu nyingine.

Naibu mkurugenzi hakuwa na sauti yake ya upole. Alisema amesikia. Alisema jopo lilimsamehe mara moja na halitamsamehe mara ya pili. Alisema, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Emil, ukiliondoa hilo basi na mwanafunzi hata mmoja ndani, Jumatatu usije kazini. Umenielewa?"

Emil alitazama kwenye kioo chake kikubwa cha ndani. Nyuma yake wasichana walikuwa wameshakaa, wakimtazama. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akafunga mlango, akawasha injini.

"Jumatatu lazima nije, Bwana Lunde," alisema. "Nina abiria."